Niliaga Nakwenda Lourdes, Niko Marseille

Jumatano, 3 Septemba 2025. Liverpool, Sydney.

Likizo imekubaliwa! Siku kumi. Miaka kumi na sita nawaogesha wazee wa watu hapa Sydney, na safari zangu zote nazihesabu kwa vidole: Melbourne mara mbili — msiba, halafu harusi. Brisbane — msiba.

Naenda Marseille. Peke yangu. Kula, kutembea, kuoga baharini, basi. Zamani, kabla hatujakimbia Burundi, mama alikuwa akiwafulia masista nguo, na kila mche wa sabuni yao ulichapwa jina hilo. Nikamuuliza ni nani huyo. Akasema si mtu, ni mji, uko baharini. Sababu yangu ndiyo hiyo, na inatosha.

Kelly, binti yangu, anasema bahari ya bure iko Bondi, treni na basi tu. Nikamwambia Sydney naipenda lakini sikuichagua. Nililetwa. Kambini Kasulu pia nilipelekwa, juu ya lori. Safari hii nakwenda kwa miguu yangu.

Jumapili, 7 Septemba

Nimefanya ujinga mkubwa!

Baada ya misa, Gloriose akaniuliza mbele ya wanawake wote: Ufaransa kuna nini, nani kafariki? Gloriose ni rafiki yangu tangu kambini, tunafanya kazi zamu moja, lakini sauti yake haijui siri. Vichwa vyote vikageuka. Ningesema natalii? Mjane, mama mtu mzima, anapanda ndege kwenda kutazama mji? Mdomo ukajisemea wenyewe — Lourdes. Nakwenda hija.

Vigelegele! Kabla sijafika kwenye gari nilikuwa nimeshapewa karatasi kumi na saba za nia za maombi, niziombee kwenye pango alikotokea Bikira Maria. Blaise, mwenyekiti wa jumuiya yetu, anataka lita mbili za maji ya Lourdes, kana kwamba natumwa dukani.

Gloriose hakutaka maji. Akanishika mikono yote miwili. Mama yake, Bibi Akimana, amelazwa, figo zimechoka. Akasema, Mama Kelly, ukifika pangoni mtaje yeye kwanza.

Nikasema ndiyo. Jamani, nikasema ndiyo!

Jumatano, 10 Septemba. Marseille.

Nimefika. Joto, kelele, pikipiki mpaka juu ya njia ya waenda kwa miguu. Nimeupenda saa hiyohiyo.

Bandari ya zamani iko katikati kabisa ya mji. Unatoka dukani, mashua hizi hapa. Akina mama wanauza samaki kwenye meza, samaki wengine bado wanarukaruka. Nikadhani wanagombana, kumbe wanaulizana habari za watoto.

Mchana nilikaa mkahawani. Unga wa dengu wa kukaanga, moto moto, chumvi na pilipili manga. Mhudumu alipokuja kuondoa sahani nikainuka nimsaidie kubeba. Akanitazama. Nikakaa. Asubuhi nilikuwa nimeshatandika kitanda cha hoteli, kona zimenyooka kama za kazini, na nimepiga deki bafuni. Kesho sitandiki! Nimeapa.

Alhamisi, 11 Septemba

Sikutandika. Iliniuma kidogo, ikapita.

Sokoni nilimkuta mama wa Kingazija anauza tini. Maneno yake nusu nayaelewa, nusu yananipita, na yeye vilevile kwangu, tukacheka. Akauliza nimekuja kwa nani. Nikasema sikuja kwa mtu, nimekuja kuona mji. Akauliza tena, polepole, labda sikuelewa swali. Kwa nani? Kwa mimi mwenyewe, nikasema. Akaniongezea tini tatu.

Alasiri nilipanda kilima mpaka kwenye kanisa la Bikira Maria, lile linaloonekana kila pembe ya mji. Magoti yamelia. Nikazisoma karatasi zote kumi na saba, kwa sauti, watalii wakinipisha. Bibi Akimana kwanza. Bikira ni mmoja tu, nilijiambia, hana tawi la huku na la kule. Nikashuka mwepesi.

Chini kabisa, simu. Ujumbe wa Gloriose. Madaktari wamesimamisha mashine ya kusafisha damu, mama ameomba wasimamishe. Ana akili zake zote. Anataka jambo moja: alione pango, nimwonyeshe kwa video.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeulizia treni. Lourdes ni safari ya siku nzima, kubadilisha njiani. Ningeondoka leo, kesho ningekuwa pangoni. Ningepiga video, na uongo wangu ungegeuka kweli. Hakuna ambaye angejua!

Nilisimama kituoni na mkoba begani, nadhani nusu saa. Nikajiuliza nani anakwenda huko. Ni hofu ya vichwa vya wanawake wale, inanipandisha treni kama nilivyopandishwa lori. Nikatoka nje. Kama nimekosea, Mungu anihukumu, lakini sitakwenda kumwomba Bikira kwa ajili ya kujificha.

Nikampigia Kelly, yeye peke yake anajua niliko. Akasema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, niwatumie video ya mtandaoni, lile pango linaonyeshwa kila saa. Mwanangu huyo! Nimemlea mimi! Nikamwambia nilidanganya watu wazima mbele ya kanisa, mtu anayekufa simdanganyi.

Nimempigia Gloriose mara nne nimwambie kwanza yeye. Hapokei, yuko wodini. Mwishowe akaandika: kesho saa kumi na mbili jioni yao, saa nne asubuhi huku. Watu wote watakuwepo, na Blaise ataongoza rozari. Mama atainuliwa kwa mito. Usikose.

Watu wote. Naogopa. Lakini nitapokea.

Jumamosi, 13 Septemba

Saa tatu na nusu. Nimeamka alfajiri nikaja kuogelea kwanza, maana baada ya simu hii sijui kama nitaweza kufurahia kitu. Maji baridi, safi, unaona vidole vyako. Nilikwenda mpaka kwenye maboya na kurudi. Vizee vya huku vinaogelea huku vinapiga soga. Kimoja kikaniambia napiga maji vizuri. Nikasema najua!

Saa nne kasoro kumi. Nimekaa juu ya mwamba, nguo ya kuogelea imelowa, kitenge kiunoni. Nimejizoeza maneno ya kusema: Bibi, nisamehe, sikwenda. Niko mahali nilipotaka kuwa. Nimekuombea hapahapa, wa kwanza.

Ni mafupi mno. Au yanatosha? Bibi huyu ndiye aliyenipa uji nilipojifungua Kelly kambini. Hakuniuliza kitu.

Saa nne.

Inaita. Sura ya Gloriose imejaa kwenye kioo. Nyuma yangu watu wanaruka majini, wanapiga mayowe, na bahari imetanda pote. Hatua mbili tu kushoto kuna ukuta wa mawe. Mawe matupu, ya kijivu, kama ya pangoni. Nikisogea pale hawataona kitu.

Sisogei.