Maandishi Chini ya Milango ya Debeni

Athumani,

Watu wote wa Debeni walikuja kukuzika. Nilitandika kitambaa chako cha milango ya kuchora sebuleni kwako hapa Gerezani, nikasoma chini ya mlango mmoja baada ya mwingine, nikatuma taarifa kwa Mama Chausiku, kwa fundi Lameck, kwa kila aliyeandikwa. Ulizikwa alasiri, na hakuna aliyelalamika kwamba hakuambiwa.

Ndivyo ulivyotaka. Greda lilipobomoa nyumba zetu za madebe nyuma ya karakana za reli, ulisema, "Nyumba wamevunja. Msiba ukitokea tutatafutana wapi?" Ukashona viroba vya ngano vikawa kitambaa kimoja, ukamwita kila mwenye nyumba aje achore mlango wake. Wewe, uliyeandika mabango ya nusu ya maduka ya Kariakoo, hukumchorea mtu hata bawaba. Ulikoroga rangi na kutania. Wangu ulisema unafaa kabati. Chini ya kila mlango mwenyewe akaandika anakoishi sasa.

Uliniambia siku ile ile, "Ukiandika, andika milango. Maandishi yaache."

Niliyataja, Athumani. Wiki mbili baada ya mazishi niliandika habari ya kitambaa gazetini, na ndani yake sentensi moja: kwamba chini ya kila mlango pameandikwa mwenyewe alikohamia. Sikuifuta kwa sababu ilikuwa kweli. Sina utetezi mwingine.

Siku ya tatu alikuja bwana mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni. "Ndugu, tunaandaa maonyesho ya sanaa ya wananchi." Nikamwuliza ofisi gani. "Ya mjini," akasema. Nilimwonyesha kitambaa. Mlango wa bluu wa Mama Chausiku, ambapo kila mgeni husimama, aliupita. Akainama kwenye maandishi, midomo ikichezacheza.

"Hawa wote bado wako huko huko?"

Nikakunja kitambaa. Nikamwambia mwenye nyumba yuko edani, arudi Jumatatu.

Mkeo alikuwa nyuma ya pazia. Alingoja viatu vya yule bwana viishe kusikika, ndipo akasema, "Shemeji, huyo si mtu wa picha. Hajaingia mtu humu asiulize ile bluu mume wangu aliipata wapi."

Kweli. Maduka hayana rangi mwaka mzima, na mimi mwenyewe nilipokuuliza ulinijibu, "Umetumwa?"

Sina ushahidi. Ingekuwa habari, mhariri angenirudishia. Yawezekana yule bwana anaandaa maonyesho kweli na rangi hazimshughulishi. Lakini wiki hiyo hiyo watu walikuwa wakisimamishwa mitaani Mchafukoge, wakiulizwa wanafanya kazi wapi na wanalala wapi. Fundi Lameck amejenga tena bila kibali, na hana barua ya mwajiri. Akifuatwa, nyumba ya pili itakwenda kama ya kwanza, na yeye atapandishwa lori la kwenda kijijini asikokujua. Na si yeye peke yake.

Jumapili niliwaita. Nikawaeleza nilichofanya, bila kupunguza. Mama Chausiku akasema:

"Mwandishi, kalamu yako inaharisha."

Nikakubali.

Ni yeye aliyepata njia. Kila mtu ashike kichwani majirani wawili tu, wa kulia na wa kushoto, kama tulivyopangana kwenye kitambaa. Msiba ukitokea, taarifa itembee mlango kwa mlango, kama zamani. Akatusikiliza mmoja mmoja kama mwalimu wa darasa la kwanza. Fundi Lameck alikosea mara mbili. "Mwenzenu nyundo naijua, hesabu za watu siziwezi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke watu walicheka nyumbani kwako.

Kisha mkeo akapitisha mkono chini ya pazia na kopo la bluu. Lilikuwa uvunguni mwa kitanda muda wote. Kila mtu akachora baraza mbele ya mlango wake, likafunika maandishi. Langu limepinda.

Jumatatu yule bwana alirudi. Nikamtandikia. Hakutazama hata sekunde tano.

"Maandishi yako wapi?"

"Kitambaa ni hiki," nikamwambia. "Wenyewe wameridhia kiende kwenye maonyesho. Chukua."

Akasema atakifuata na gari. Hajatokea mpaka leo, na arobaini yako imeshapita.

Mlango wako tu haukupata baraza. Mkeo alikataa: "Huyu aliko tunakujua." Kwa hiyo chini yake bado panasomeka kwa mwandiko wako wa mabango: Gerezani, uliza mchora rangi. Mimi, niliyekwisha kusahihisha makosa ya watu wengi, nimeshindwa kugusa hilo.

Ukiipitia tena barua hii utaona sikutaja anakoishi mtu yeyote zaidi ya hapa kwako, na majina mawili si yenyewe. Wewe utawajua.

Kulia kwako ni Mama Chausiku, kushoto ni mimi. Shemeji akimaliza eda atahamia kwa dada yake. Ameshanitajia mahali. Nimepashika kichwani, na hapo patabaki. Siku ikifika ya mwenzetu yeyote, nitatembea mwenyewe kwenda kumwambia shemeji.

Lala salama, jirani.