Kuku wa sadaka

Nakivale, Jumanne, Julai 2009

Leo tena. Nimemukuta katikati ya mboga zangu za lengalenga, anachakura kama mwenye kutafuta pete iliyopotea.

Huyu kuku ni mimi mwenyewe nilimutoa sadaka Jumapili, mbele ya batu bote, nikiimba. Tangu siku hiyo, kwa pasteri analala tu. Kukicha anarudi kwangu, fasi alizoea. Na kiangazi hiki bustani yangu ndiyo yenye majani mabichi, kwa sababu kila jioni ninaimwangia maji ya kuoshea vyombo.

Angekuwa kuku wa jirani ningemutupia jiwe. Lakini kuku wa Mungu, nitamufanya nini? Nimemwambia kwa heshima, "Tafazali, toka." Ameniangalia, akang'oa mche mwingine.

Nimemubeba kwapani mpaka kwa pasteri. Mama pasteri amecheka mpaka amekaa chini. "Mama Furaha, pengine Mungu amekatala sadaka yako."

Nimecheka pia, lakini njiani roho imeanza kunisumbua. Na kama ni kweli? Halafu mvua itarudi tu mwezi wa tisa, na hizo lengalenga ndizo mboga yetu. Akizimaliza, watoto watakula ugali na…

Basi nimeamua. Jumapili nitapeleka kanisani beseni nzima ya lengalenga, pamoja na mizizi na udongo wake, mama pasteri azipande nyuma ya nyumba yake. Kuku wa Mungu akachakure bustani ya Mungu.