Video ya Ng'ombe wa Dabasso

Merti,
Isiolo.
9 Machi 2025

Mpendwa ndugu yangu Abdub,

Salaam aleikum. U mzima huko Doha? Mgongo umepona? Mke wako Farhiya na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, alhamdulillahi. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu imevunjwa.

Kwamba wezi wa mifugo walimuua mwanangu Godana, uliambiwa. Hukuambiwa yote.

Zile tableti mlizoiletea shule wewe na wenzako zilipendwa sana, Khadra wangu ndiye zaidi. Mwalimu wao Zachary, mtu wa Meru, akawapa kazi: kila mtoto apige video ya mali ya kwao aieleze. Hakujua kwamba kwetu ng'ombe hawahesabiwi, wala mgeni haonyeshwi mifugo. Khadra alijua, lakini alitaka kuwa wa kwanza. Akamfuata kaka yake mtoni, akawapiga video ng'ombe wote wakinywa maji, Godana akicheka na kuwataja majina. Video ikaingia kwenye kundi la wazazi kwenye simu, ikatoka huko ikaenda tusikokujua.

Wiki haikuisha. Walikuja asubuhi, pale pale mtoni. Walimpiga Godana risasi ya shingo, na alipoanguka wakamwongeza nyingine. Ng'ombe wakaswagwa juu ya mwili wake. Mimi mama yake nilimtambua kwa shati.

Baada ya mazishi, mume wangu Dabasso alishika rungu akaenda shuleni na wanaume wengine. Walimvunja mwalimu mkono na mbavu. Tableti wakaziponda sakafuni, paneli za sola wakazipiga mawe. Khadra alisimama mlangoni awazuie, baba yake akampasua juu ya jicho. Simu yangu aliimalizia nyumbani. Akaapa mtoto hatasoma tena, baada ya Idd anapelekwa Sericho kuchunga ngamia.

Abdub, nina hasira mpaka meno yananiuma. Aliyeua ni aliyefyatua bunduki, si mtoto wa miaka kumi na miwili. Nikisema hivyo Dabasso ananyanyua rungu, nami namwambia apige basi.

Waliokuwa na video wameifuta wote, wanaogopa polisi na wazee. Juzi Dabasso, ambaye alikuwa hamsemeshi binti yake, akamwuliza polepole, "Picha ya Godana iko wapi?"

"Uliivunja, baba."

Akakaa chini akalia. Sikumbembeleza.

Lakini mwalimu aliniambia alikutumia wewe ile video, kama shukrani. Usiifute. Mpigie Dabasso kwa simu ya Tuye dukani, wewe anakuheshimu. Mwambie unayo, na hutaituma mpaka Khadra arudi darasani. Akilia, usilegee. Na nikija mimi mwenyewe kwenye hiyo simu kukuomba, hata mimi usinipe.

Msalimie Farhiya, uwabusu watoto. Mungu akupe riziki ya halali na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Dada yako, anayekupenda hata katika machungu haya,

Madina