Kwa Nini Tulimwimbia Baba Yako kwa Sauti ya Chini

S.L.P. 214,
Kamunyonge,
Musoma.
16 Septemba 1984.

Mpendwa Dada Hana,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Songea, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimepungua. Sisi hatujambo, isipokuwa mume wangu Eliasi, ambaye jino linamsumbua na hataki kwenda kung'oa. Analalamika mchana kutwa, ukimtajia hospitali anapona.

Mtama wa Butiama haukuwa mwingi mwaka huu, lakini tunakula. Dukani vitu vimeanza kuonekana kidogokidogo. Nassibu, yule mfanyabiashara wa vitambaa wa Bunda, ameleta majora kutoka nje, kwa hiyo cherehani yangu imepata kazi tena. Sabuni bado ni ya kubahatisha.

Sasa nijibu barua yako. Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Unasema Mjomba Stanislausi amekuandikia kwamba siku ya kumzika baba yako kwaya yetu iliimba kama watu walioshinda njaa, kwamba sauti haikufika hata kwenye zizi, na kwamba mimi niliyeongoza nilimwaibisha Mwalimu Werema mbele ya ukoo wake. Unasema kama ibada ya kumbukumbu ya Desemba nitaongoza mimi, wewe huji. Nimeumia, dada, sitakuficha. Lakini najua telegramu ilikufikia baba yako, Baba Mkubwa wangu, akiwa ameshazikwa, na hukuwa na macho yako mwenyewe pale. Nakueleza ilivyokuwa, ndipo uamue.

Wewe uliimba naye kabla ya kuolewa, unajua tulivyokuwa. Do-re-mi kwa herufi ubaoni, yeye anaimba mstari, sisi tunamfuata, na anayesifiwa ni yule aliyesikika mpaka sokoni. Mwaka jana ugonjwa wa koo ukamchukua sauti, akabaki na mnong'ono tu. Tulidhani ataacha kwaya. Badala yake alitangaza kwamba tunaanza upya, kwa noti za mistari na maneno ya Kitaliano, yale aliyosoma chuo cha ualimu akiwa kijana na hakuwahi kutufundisha. Nilimwuliza kwa nini atusumbue na Kitaliano wakati watu wanatafuta sukari. Akasema hawezi tena kutuimbia tukamfuata, kwa hiyo atatuandikia.

Karatasi hazikuwepo, chaki ndiyo usiseme. Nikachukua kitambaa cheusi kilichobaki kwenye suruali za sare, nikakishona mistari mitano kwa uzi mweupe, tukakitundika ukutani. Noti zilikuwa vifungo vya nguo, tunavibandika kwa pini. Vifungo vyeusi havikuonekana, kwa hiyo noti zote zilikuwa vifungo vya rangi, na mpaka leo Bhoke wa sauti ya kwanza akiona noti nyeusi kitabuni anasema imekosewa.

Maneno alitufundisha kwa mambo ya hapahapa. Andante ni mwendo wa mtu anayekwenda kanisani na hajachelewa. Presto ni mwendo wa mtu aliyesikia sukari imefika dukani. Hilo hatukulisahau. Ritardando, kupunguza mwendo kidogokidogo, alituonyesha kwa miguu yake mwenyewe, akivuka chumba mpaka akasimama, na tulicheka ingawa alikuwa amechoka kweli.

Ile alama ya kukuza sauti, yenye mistari miwili inayoanza pamoja na kuachana, ilituletea vichekesho vya Boniphace. Unamkumbuka, yule wa besi, muuza samaki wa Mugango. Aliitazama sana, kisha akasema, "Mwalimu, hii ni mdomo ya sangara. Inafungukaga hivi ikiona furu, samaki ndogo ya kumeza." Baba Mkubwa akamgeuzia alama upande wa pili, ile ya kupunguza sauti, akamwuliza na hii je. Boniphace akajibu, "Hapo amesha kumeza." Tangu siku hiyo kwaya nzima inasema fungua mdomo, funga mdomo, na hata mgeni akija anaelewa.

Kazi ilikuwa kwenye herufi moja ndogo, p, yaani piano, sauti ya chini. Forte, yaani sauti ya nguvu, tulizaliwa nayo. Piano ilitushinda kabisa. Ukiwaambia watu washushe sauti, wanashusha na kichwa, wanapunguza mwendo, wengine wanaacha kuimba. Boniphace alikataa waziwazi. "Mimi nikiimba chini watu watasema sijala," alisema. "Na ni kweli sijala, lakini kwa nini niwatangazie?" Hakuna aliyecheka sana siku hiyo, maana wengi tulikuwa hatujala.

Baba yako hakubishana naye. Alikaa kwenye kiti akaanza kutueleza jambo kwa ule mnong'ono wake, nasi tukanyamaza wote, tukasogea, mpaka Boniphace naye akainama mbele. Halafu akasema, imbeni hivyo. Tukaimba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti ya kila mtu mmoja mmoja.

Mwezi wa tano akatuletea wimbo alioutunga mwenyewe, wa kuaga, beti tatu fupi. Aliniambia ni wa maziko yake, kwa namna ileile angeniambia nipunguze suruali. Juu ya ubeti wa kwanza aliandika p. Juu ya wa mwisho aliandika pp, pianissimo, chini kuliko chini. Nilibishana naye, dada, na wanakwaya ni mashahidi. Nilimwambia kwetu mtu mkubwa anasindikizwa kwa nguvu, kwamba Butiama watasema tumemnyima. Nikamwomba anipe walau forte moja kwenye kiitikio. Akasema imbeni kama ilivyoandikwa. Sababu hakunipa, na mimi sitakutungia.

Siku ya maziko tulikwenda Butiama kwa lori lililopatikana kwa shida, tukafika na vumbi mpaka kwenye kope. Watu walikuwa wengi sana. Mama yako, Mama Mkubwa Eufrasia, alikuwa amekaa chini kwenye mkeka karibu na kaburi. Tangu baba yako akate roho alikuwa hajasema neno, hali, halii, wanawake walikuwa wanamshika mikono tu. Hilo Mjomba hakukuandikia, labda kwa sababu alikuwa nyuma na wazee.

Nikainua mkono. Nilijua nikifungua kiganja tu, kwaya itapaza sauti na kila mtu ataridhika. Nikaonyesha p. Boniphace alinitazama kama nimemwibia, lakini aliimba p, jasho likimtoka. Watu walianza kugeuka. Nilimwona Mjomba Stanislausi akitikisa kichwa. Wa nyuma hawakusikia, ni kweli, na baadhi yao walianza kuzungumza. Aliyokuandikia Mjomba hayakuwa uongo.

Ubeti wa mwisho tukashuka kwenye pp. Hapo nikasikia sauti nyingine isiyotoka kwenye kwaya. Nikadhani ni mwanakwaya amechelewa. Alikuwa mama yako. Anaimba pale kwenye mkeka, macho kwenye kaburi, kila neno, bila kukosea. Kumbe baba yako alikuwa akimwimbisha nyumbani kwa mnong'ono, na sisi hatukujua. Tungeimba walivyotaka, dada, nisingemsikia, na hakuna ambaye angemsikia.

Juu ya neno la mwisho kuna alama ya nusu duara yenye nukta ndani. Inaitwa fermata. Maana yake, shikilia noti mpaka anayeongoza afunge mkono. Kwaya nzima ilikuwa inautazama mkono wangu. Mimi nilikuwa namtazama Mama Mkubwa. Wanakwaya waliishiwa pumzi mmoja mmoja, Boniphace wa mwisho, na yeye bado anaimba. Sikufunga mkono. Nilimwacha mpaka akamaliza mwenyewe, kisha akalia. Usiku ule alikunywa uji.

Sasa yuko hapa Kamunyonge kwangu, anakula, anagombana na Eliasi kuhusu jino. Anakusalimu sana na anawaulizia wajukuu. Boniphace na Bhoke wanakusalimu pia. Nifikishie salamu kwa shemeji.

Kuhusu Desemba, Mjomba anataka wimbo uleule uimbwe kwa nguvu ili aibu iondoke. Kama tatizo ni mimi, niko tayari kumpa Bhoke aongoze. Lakini sauti hatutapandisha. Nimemwuliza mama yako, amesema ataimba, na anakungoja wewe. Mungu akufungulie njia, akupe na gari lenye mafuta. Ukifika usikae nyuma na wageni. Kaa mkekani karibu naye, maana ukiwa mbali hutamsikia.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ukinikasirikia,
Selestina