Magunia ya Maharage

Kariakoo, Dar es Salaam
12 Juni 1983

Kaka Wilbert,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila Mama anakohoa kwa vumbi la huku. Wewe je, jua la kambini limekuachia ngozi?

Nina habari. Ule wimbo niliouandika nikijificha stoo, Mwalimu Onesphory ameuchagua upigwe picha ya sinema, waimbaji sisi wanafunzi. Ubeti wa kwanza unaisifu Kariakoo, wa pili unawasema walanguzi wanaoficha sukari. Sauti ilirekodiwa kwanza kwenye tepu, mimi nikiongoza huku nimefumba macho kwa aibu. Siku ya picha tepu ililia, sisi tukafungua midomo tu.

Mwalimu alitafuta duka zuri la kupigia picha ubeti wa kwanza. Baba akatoa letu. Alimwita fundi aandike MARCELINO upya juu ya mlango, kwa rangi nyekundu, akavaa koti la kanisani. Tulipobanana ndani, alibeba mwenyewe magunia ya maharage akayapeleka chumba cha nyuma, akashusha pazia, ili wasichana wapate nafasi ya kucheza. Mpiga picha alikuwa keshawasha kamera. Baba akauliza, akijifuta jasho, kama naye ataonekana. Mwalimu akamwambia, "Mzee, utaonekana kuliko wote."

Hajafurahi hivi tangu ulipoondoka kwenda jeshini.

Mdogo wako,
Mektilda


Kambini
28 Agosti 1983

Mektilda,

Mwili wangu mzima. Moyo usiniulize.

Wiki iliyopita gari la sinema lilikuja kambini. Tuliketi chini kuruta wote, nikawa nawaambia wenzangu subirini, huyo anayeimba ni mdogo wangu. Ubeti wa kwanza, soko na wasichana. Ubeti wa pili, sauti yako inaimba kwamba mwizi wa mtaa anaficha sukari gizani, na nani yuko pale? Baba. Ana koti la kanisani, anabeba magunia, anaangalia nyuma, anashusha pazia. Kisha wakaonyesha jina juu ya mlango, kubwa, hata asiyejua kusoma alisomewa na jirani.

Mmoja akasema, "Mcheki huyo mzee anavyoikimbiza sukari." Kambi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, wasije wakajua ni baba yangu. Nimelala na kicheko hicho siku zote hizi.

Wewe ndiye uliyeimba. Ulifikiri nini, Mektilda? Mwaka huu watu wanapelekwa jela kwa gunia moja, nawe unamwimba mzee wako? Usinijibu kwa mashairi.

Wilbert


Kariakoo
10 Septemba 1983

Kaka,

Shikamoo. Baba na Mama wanapumua, na ni hilo tu ninaloweza kusema juu ya hali yao.

Umemaliza? Sasa nisikilize. Mimi niliimba darasani, mbele ya tepu, wala Baba hakuwapo. Aliyeichukua picha ya ubeti wa kwanza akaiunganisha na ubeti wa pili si mimi. Unanikasirikia mimi kwa kuwa anwani yangu unayo.

Wewe umeicheka mara moja. Sisi tunaisikia kila siku. Watu wa ukaguzi walikuja, wakapindua duka zima, wakakuta maharage. Waliondoka bila kumwambia jirani hata mmoja kwamba hawakukuta sukari. Watoto wanasimama mlangoni wanaimba kiitikio changu, na Baba anaendelea kupima chumvi kana kwamba hasikii. Jirani yetu Mama Zena alimuuliza mbele za watu, "Marcelino, ile sukari ya kwenye sinema umeipeleka kwenu Kibosho, au bado ipo?"

Nilikwenda kwa Mwalimu Onesphory. Unajua mimi hata kuomba ruhusa ya kutoka darasani hunishinda. Nilimwomba aikate ile sehemu. Akasema picha za mlanguzi hazikupatikana, hakuna anayekubali kupigwa, na ile ya Baba ilifaa. Akasema wimbo haukumtaja mtu.

Nikamwambia, "Mlango umemtaja."

Akaniambia nirudi darasani.

Mektilda


Kambini
24 Septemba 1983

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote, na dawa ya kikohozi ya Mama nimempa mwenzangu Zahoro anayekuja likizo.

Nilikosea kukurushia wewe lawama. Lakini ulichomwambia Mwalimu amekisikia Mwalimu peke yake. Wale waliocheka nani atawaambia? Mimi niko mbali, na nilipokuwa karibu nilicheka.

Kaka yako,
Wilbert


Kariakoo
9 Oktoba 1983

Kaka Wilbert,

Shikamoo. Dawa imefika, Mama anakushukuru, kifua kimelegea.

Ijumaa waliionyesha tena, safari hii Mnazi Mmoja. Nilikwenda na sare yangu ya shule. Ubeti wa pili ulipoanza nikapita katikati ya watu nikasimama mbele ya pazia la sinema, mwanga wote usoni. Nikasema lile ni duka la baba yangu, yale ni maharage, aliyaondoa ili sisi tucheze. Kaka, hawakunisikia. Spika zilikuwa zinaimba kwa sauti yangu mwenyewe, na ilikuwa kubwa kuliko mimi. Mwendesha mashine akapiga kelele, "We binti, toka kwenye mwanga!" Sikutoka. Nilinyoosha mikono nikaufunika mlango wetu kwa kivuli changu mpaka wimbo ukaisha. Ulipoisha kukawa kimya, nikayasema yote tena. Safari hii walinisikia, hata walionizomea.

Mwalimu amenisimamisha shule. Anataka niombe radhi mbele ya wanafunzi wote, na mzazi wangu awepo, naye aombe.

Jana Baba alikaa nami nyuma ya kaunta. Aliniuliza kama nitaomba. Nikasema, "Hapana, Baba." Nilijua ada ya shule anaipataje siku hizi. Akampimia chumvi mteja mmoja aliyeingia. Kisha akamwambia Mama amtolee lile koti.

"Wala mimi siombi," akasema. "Lakini Jumatatu tunakwenda wawili. Wasije wakasema huna mzazi."

Mdogo wako,
Mektilda Marcelino