Gobole la Mkwe Wangu Limeziba

Mpendwa mshauri, shikamoo, na kama wewe ni mdogo kwangu basi nirudishie, maana sauti ya redioni haioneshi mvi. Naomba unisaidie upesi na jina langu usilitaje, sema tu Mama Evodia wa Kinyangiri niliyekuja Rungwa kumhudumia mwanangu aliyejifungua.

Mkwe wangu Fabiano ni kijana mwema sana, amekwenda porini kurina asali akaacha gobole lake nyuma ya mlango wa chumba chao, analo kwa kibali, la kufukuzia tembo shambani, sasa Jumatatu Evodia alipompeleka mtoto kliniki mimi nikasema nifanye usafi, na usafi ukanifikisha mpaka chumbani, ambako kwa malezi yetu mama mkwe hatii hata pua, nikaona gobole lina kutu nikalionea huruma. Nikalisugua kwa majivu na mchanga kama sufuria, likang'aa, nikasema na ndani je, nikamimina mchanga kwenye mtutu, nikafunga kitambaa kwenye spoki ya baiskeli nikasukuma, spoki ikazama na kitambaa chake, haikurudi. Nikamimina mafuta ya alizeti, nikamimina maji ya moto, wapi. Basi shetani akanionesha mchi. Niligonga kidogo tu mshauri, mara tatu, labda nne, sasa mtutu umebonyea kama shavu la kibogoyo na spoki bado imo. Nikalirudisha pale pale nikalifunika koti.

Jana Fabiano akapiga, Evodia akaiweka simu spika. "Mwambie mama shikamoo. Nasikia tembo wameingia mtama wa jirani, Jumamosi nikifika tu nafyatua moja hewani."

Mimi nikashika shavu. Evodia akaniuliza, "Mama, una nini?"

"Jino."

"Jino lipi tena mama, si yalibaki matatu na yote mazima?"

Mshauri, sina elimu ya bunduki lakini najua chungu ukikiziba mdomo jikoni kinapasuka, na huyu atakuwa amekiegemeza shavuni. Kumwambia siwezi, sisi tunasalimiana kila mtu akiangalia miguu yake, nianzeje kusema niliingia chumbani kwako? Nafikiria basi la kesho nirudi kwetu. Au nilitumbukize chooni adhani limeibiwa. Nisaidie, mjukuu wangu ana siku kumi na mbili.

JIBU

Mama Evodia, mimi ndiye mdogo, kwa hiyo shikamoo. Barua yako kondakta ameileta leo Alhamisi asubuhi, nimeipitisha mbele ya watu wanaosubiri tangu mwezi jana. Namba ya simu hukuandika, ningekupigia. Jina lako sijalitaja, kama ulivyonikataza.

Pole, mama. Umetenda kwa upendo, lakini upendo wenye mchi mkononi ni wa kukimbiwa. Silaha si sufuria. Mshukuru Mungu halikuwa na baruti.

Chooni? Silaha ya kibali ikipotea, polisi hawatakuja kumuuliza mama mkwe, watamshika mwenye kibali. Na hilo basi la kurudi kwenu! Uondoke, umwache mwanao na mume anayekwenda kufyatua mtutu wenye spoki ndani? Hapana, mama yangu. Hapo nimekasirika.

Heshima ya mkwe naijua, nami nimelelewa hivyo hivyo. Usimwambie Fabiano. Mwambie Evodia, huyo umemzaa mwenyewe. Mwambie yote: chumba, mchanga, spoki, na idadi kamili ya mapigo ya huo mchi, maana hiyo "labda nne" siiamini. Yeye ampigie mumewe leo. Simu isipopatikana, mwenyekiti wa kijiji atume mtu kambini kwa warina asali. Hapo katikati gobole asiliguse mtu, wala wewe usijaribu tena kuitoa hiyo spoki. Fabiano akifika alipeleke polisi walipomwandikia kibali, wao watasema kama lina fundi au ndiyo basi. Tembo wapigieni madebe, mchome pilipili, mwiteni askari wa wanyamapori.

Na Fabiano, kama unanisikia huko porini: gobole nyuma ya mlango, nyumba ina kichanga? Litafutie sanduku lenye kufuli. Mimi si mkwe wako, nakutazama usoni.

Mama, huenda atacheka, huenda atanuna mpaka mvua zinyeshe. Anune, ilimradi anune akiwa na macho yote mawili. Zima redio sasa hivi umwite Evodia.