Chumvi Imezidi, Nami Nasema Tamu

Shangazi wa gazeti, shikamoo. Nakusoma kila wiki nikiwa kwenye cherehani yangu, na huwa nawacheka sana wanaokuandikia, nasema hivi hawa watu hawana wazee kwao, leo zamu yangu imefika na sicheki tena, tafadhali nishike mkono kabla nyumba ya watu haijavunjika kwa sababu ya mdomo wangu.

Mimi ni fundi nguo, mwanamume mzima, mke wangu alishatangulia mbele ya haki na watoto wako mbali, kwa hiyo chakula changu cha mchana ni mgahawa wa ng'ambo ya barabara, wa mama mmoja ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Mwiko kwa vile mwiko haumtoki mkononi hata akija kukusalimia. Ni mgahawa wa familia, meza chache zenye vitambaa vya plastiki, mama anapika, mwanawe anakwenda sokoni na kubeba mizigo, na mke wa huyo mwana, binti mpole asiye na makuu, anahudumia wateja. Sasa Mama Mwiko ana utaratibu wake, yeye haonji chakula chake, anasema mpishi aliyeshinda kwenye mvuke ulimi wake hauaminiki, chakula kionjwe na mtu wa nje mwenye njaa, na huyo mtu ni mimi, tangu mke wangu yu hai. Kila mchana kabla mlango haujafunguliwa naletewa bakuli, naonja, kikiwa sawa natundika kipande cha kitambaa cheupe dirishani kwangu, akikiona ndipo anafungua, na watu wa mtaa nao wamezoea, utawasikia wakiitana, twendeni, fundi katundika! Zamani kikikosa kitu nilikuwa nasema bila woga, mama ongeza ndimu, mama kitunguu hakijaiva, anarudi jikoni anarekebisha, wala hatununiani.

Mwaka huu akaugua homa kali na mafua, akalala kitandani hadi tukaogopa, mgahawa ukafungwa. Siku aliyorudi jikoni, lile gauni nililomshonea mwenyewe lilikuwa linamning'inia, akavuka barabara na bakuli mkononi, nikatia kijiko mdomoni, Shangazi we, chumvi! Machozi yalinilenga. Nikamtazama alivyosimama mlangoni kashikilia mwimo asianguke, anatabasamu, nikasema tamu, mama, nikatundika. Nilidhani mkono umeteleza, ni siku moja tu. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa, na mpaka leo mimi natundika tu, tena nakula bakuli lote, maana zamani alikuwa anamtuma mkwewe ila siku hizi analeta mwenyewe na kusimama hapo akinitazama usoni, anauliza, "Kweli, fundi? Hebu onja tena," naonja tena, nasema tamu, anaondoka polepole, nami nalivamia jagi la maji.

Wateja wamepungua. Wale vijana wa gereji waliokuwa wanaijaza meza ya mlangoni siku hizi wanapita wakitazama upande wa pili. Waliobaki wanakunywa maji kuliko wanavyokula, na mmoja wao aliuliza kwa utani kama mchuzi huu unauzwa kwa kilo.

Siku moja yule mkwe akapiga moyo konde, akasema kwa adabu, "Mama, naona watu wanalalamika chumvi." Mama Mwiko akamjibu mbele ya wateja, mimi nimekaa pale pale, "Fundi kaonja, kasema tamu. Wewe ulimi wako umeutoa wapi?" Binti akanigeukia, akanitazama, nami nikainama chini ya meza kama mtu aliyedondosha kitu. Tangu hapo mama kashikilia kuwa wateja wanakimbizwa na uso wa mkwewe, eti kanuna, eti hajui kukaribisha watu, na juzi nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mwanawe kwamba mwezi huu ukiisha mkewe arudi kwao akapumzike, ataletwa mtoto wa dada yake yeye mama ahudumie wateja. Mwana kimya. Binti naye alikuwa anafuta meza ambayo alishaifuta.

Shangazi, maji yamenifika shingoni. Nikisema sasa, mama ataniuliza siku zote hizo ulikuwa wapi, nitamvunja moyo mtu aliyenilisha msiba mzima wa mke wangu bila kuniuliza chochote, na ule mlango nitaupitaje tena? Nikinyamaza, binti wa watu anafukuzwa kwa kosa langu. Nimefikiria hata kuihamishia cherehani yangu mtaa mwingine. Nifanye nini?

Fundi wa Dirishani

Shangazi anajibu:

Marahaba, fundi. Nianze na pole, maana kula mchuzi wa namna hiyo kila siku na bado ukawa na nguvu ya kukanyaga cherehani si mchezo. Mimi mwenyewe nimekula chumvi nyingi, lakini si kwenye bakuli moja. Basi, pole imeishia hapo.

Siku ya kwanza ilikuwa huruma, nakubali. Hata mimi ningemwona mama katoka kitandani, ningemeza na kutabasamu. Siku ya pili ilikuwa aibu. Zilizofuata zote ni woga wako tu, na kwa woga huo umemvika mama wa watu kilemba cha ukoka, wewe fundi mzima unayejua vitambaa! Ungekuwa umekata suruali mguu mmoja mfupi, ungependa akuambie nani, rafiki yako au mtaa mzima ukicheka?

Na yule binti je? Kasema ukweli peke yake, kakugeukia wewe, mtu wa makamo ya baba yake, nawe ukaingia chini ya meza. Ulidondosha nini huko? Umeshakipata? Nimekasirika, sitakuficha.

Sasa tulia, kuna jambo umeliandika kwa mkono wako ukalipita. Unasema zamani alikuwa anamtuma mkwewe, siku hizi analeta bakuli mwenyewe. Anakutazama usoni. Anauliza kweli, fundi. Anakwambia onja tena. Mpishi wa miaka yote hiyo, mwenye kujiamini vile, kwa nini aulize mara mbili? Fundi, mama huyo anajua. Homa imeondoka na ladha yake, anakula hasikii kitu, na hajathubutu kumwambia mtu, maana mpishi asiyesikia ladha aanze kumwambia nani? Anavuka barabara kila mchana kuja kukuuliza wewe, kwa njia pekee anayoiweza, nawe unamjibu tamu. Binti alipolitaja mbele ya watu lile lile linalomtisha, akashika neno lako ajifiche nalo. Hana chuki na mkwewe, ana hofu. Nikikosea, nitakuja mwenyewe nile bakuli zima.

Kwa hiyo kesho bakuli likija, usiguse kitambaa. Mvutie kiti, akae. Mwambie, "Mama, chumvi imezidi, na imezidi tangu ulipoinuka kitandani. Niliyekudanganya ni mimi, si mkweo." Usipambe, usizunguke. Akilia, mwache alie. Akikutupia mwiko, inama, si umeshazoea kuinama?

Kisha vuka naye barabara, ukayaseme tena pale pale mgahawani, mwana na mkewe wakisikia. Binti uliyemwacha aaibike mbele ya watu huwezi kumsafisha kwa kunong'ona kwenye chumba chako cha kushonea. Muombe radhi kwa sauti. Na huyo mwana mwambie kutoka kwangu kwamba ukimya wake umenichosha. Ampeleke mama yake hospitali, wapo madaktari wa pua na koo, na kuna watu ladha huwarudia. Isiporudi, chumvi ashike mkwe na mwiko ubaki kwa mwenyewe, wapike pamoja. Wewe endelea kuonja, ila kwa ule ulimi wako wa zamani, wa ongeza ndimu na kitunguu hakijaiva. Huo ndio aliokuwa anautafuta huko kwako.

Kuhama usihame, utakwenda kumdanganya nani mwingine? Unaniuliza ule mlango utaupitaje tena. Mlango ule haufunguliwi mpaka wewe useme. Basi kesho ubaki umefungwa, watu wa mtaa wasimame nje na njaa zao, na wakikuuliza mbona hujatundika, waambie subirini kidogo, mama na mkwewe wanarekebisha mchuzi.